Tumbo la amplifaya

Amplifaya yangu naipenda zaidi ikiwa imelala chali. Ikisimama sawasawa mezani, kila anayeingia chumbani huzikodolea macho zile valvu tano, taa za kioo kama za redio za zamani, zinavyowaka rangi ya kaa linalokaribia kuzimika, na wengine hutoa simu wakapiga picha. Sawa, zinapendeza. Ila valvu sikuzitengeneza mimi. Nilizitoa kwenye vijisanduku, nikazichomeka kwenye soketi, basi. Kazi yangu mwenyewe, ya miezi minne ya jioni na Jumapili, yote iko chini, tumboni, kwenye nyaya na rezista ambazo hakuna mgeni aliyewahi kuomba kuziona. Kwa hiyo leo nitawaonyesha kwa lazima.

Saketi niliyoichagua ni ya zamani: Mullard 5-10. Mullard ilikuwa kampuni ya valvu ya Uingereza, chini ya Philips, na katikati ya miaka ya 1950 ilitoa michoro ya amplifaya ili watu wajitengenezee nyumbani, na bila shaka ili wanunue valvu zake. Jina lenyewe linajieleza: valvu 5, wati 10. Ana kaka yake mkubwa, 5-20, na nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikumchukua yeye. Jibu langu ni hesabu. Spika zangu hutoa desibeli 90 kwa wati 1 ukizisikiliza ukiwa umbali wa mita 1. Wati 10 zinazifikisha 100, na hapo tayari mke wangu ameshafunga mlango. Wati 20 zinazifikisha 103. Desibeli 3 tu! Kwa ajili ya hizo tatu ningebeba transfoma nzito zaidi, joto zaidi na volteji kali zaidi. Hapana, ahsante.

Kabla ya kushika kifaa chochote nilijifunza kusoma majina ya valvu, maana majina ya Ulaya hayakutungwa ovyo. Chukua EL84. E ni hita ya volti 6.3, L ni pentodi (valvu yenye sehemu tano za kazi ndani) ya nguvu, na ile 8 inakwambia kitako ni kile kidogo chenye pini 9. ECC83: E ileile, na C ni triodi (yenye sehemu tatu), kwa hiyo C mbili ni triodi mbili ndani ya kioo kimoja. EF86 ni pentodi ya sauti ndogo, ile inayopokea mawimbi yakiwa bado machanga. EZ81 ndiyo inayogeuza umeme wa kwenda na kurudi kuwa wa kwenda upande mmoja. Ukikutana na EL34 unajua kabla ya kuiona kwamba kitako chake ni kingine, kile kikubwa, kwa sababu inaanza na 3. Wamarekani wana lugha yao: EL84 kwao ni 6BQ5, ECC83 ni 12AX7. Na hizo volti 6.3, ambazo zilinisumbua kichwa (kwa nini si 6, kwa nini si 7?), ni urithi wa betri za magari ya zamani: seli 3, kila moja volti 2.1.

Kitu chenyewe ndani ya kioo ni chepesi kueleza. Hewa yote imenyonywa. Hita inaichemsha kathodi mpaka elektroni zinaruka kutoka juu yake, na anodi, yenye volti kama 300, inazivuta kwa nguvu. Hadi hapo una kile alichokuwa nacho Mwingereza Fleming mwaka 1904: mlango wa upande mmoja. Miaka 2 baadaye Mmarekani Lee de Forest akachomeka waya mwembamba katikati ya hivyo viwili, gridi, na dunia ikabadilika, kwa sababu volteji ndogo kwenye gridi huamua mto mkubwa wa elektroni upite au usipite. Mengine yote niliyolehemu chini ya chasi ni watumishi wa jambo hilo moja.

Sasa chasi. Ni bati la alumini la unene wa milimita 2, nililolikunja kwa jiliwa, mbao mbili na matusi kadhaa. Kutoboa matundu ya soketi ndiko kulikonitoa jasho. Soketi zangu za kauri zinataka tundu la milimita 22, na keekee yangu ilikuwa inaishia 13. Kwa hiyo nilitoboa duara la vitundu vidogo, nikakata kati yao, kisha nikakaa na tupa ya nusu duara jioni tatu mfululizo. Matundu yangu si ya duara kamili. Soketi zimeyafunika, na siri hiyo tunaijua mimi na ninyi.

Kosa ambalo sikulifanya, kwa bahati ya kuwa na mwalimu, ni kutoboa mapema. Fundi mmoja mzee wa redio, ambaye ndiye aliyenifundisha kushika chuma cha kulehemu, alinizuia nikiwa tayari nimechora mistari.

"Kijana," (nina mvi, lakini kwake mimi ni kijana tu) "hizo transfoma mbili umeshaziuliza kama zinapendana?"

"Kuziuliza vipi, Mzee?"

Akanionyesha. Transfoma ya umeme unaiunganisha na umeme wa ukutani peke yake, bila kitu kingine chochote. Ile ya kutolea sauti unaiweka karibu nayo mezani, unaifunga vipokea sauti vya kichwani kwenye nyaya zake za spika, unavivaa. Utasikia mvumo, ijapokuwa hazijaunganishwa popote: ni sumaku ya moja inavuja na kuingia kwenye nyingine. Halafu unaanza kuigeuza ile ya sauti polepole, nyuzi chache chache, unaisogeza, unailaza. Mvumo unapanda, unashuka, na mahali fulani unakaribia kupotea kabisa. Hapo ndipo unapochora mstari. Kwenye mchoro wangu wa kwanza nilikuwa nimeziweka ubavu kwa ubavu, zinatazamana kama wachumba, kwa sababu ilipendeza macho. Sasa moja imeipa mgongo nyingine, na ile ya umeme iko kona ya mbali na EF86.

Niseme neno kuhusu hizi transfoma, maana hapa ndipo ninapogombana na watu. Wanaoanza hutumia fedha na usingizi wao kwenye valvu: hii ya mwaka fulani, ile ya kiwanda fulani, yenye getta (ile inayonasa hewa iliyobaki ndani ya kioo) ya duara au ya mraba. Mimi nasema fedha iende kwenye transfoma ya kutolea sauti. Fikiria kazi iliyopewa. Valvu zina volteji nyingi na mkondo kiduchu. Spika inataka kinyume chake. EL84 mbili kwenye saketi hii zinataka kuona mzigo wa omu 8,000 kati ya anodi na anodi, na spika yangu ni omu 8. Uwiano ni 1,000 kwa 1, na kwa kuwa ukinzani unafuata mraba wa mizunguko, transfoma inahitaji mizunguko karibu 32 upande wa valvu kwa kila mzunguko 1 upande wa spika. Hesabu rahisi. Tabu ni kwamba kwa sauti nzito unahitaji chuma kingi na mizunguko mingi, na kwa sauti nyembamba unahitaji koili zilizo karibu mno, zisizovujisha. Ukiongeza hiki unaharibu kile. Ndiyo maana mafundi wazuri huzifunga kwa tabaka, kipande cha upande huu, kipande cha upande ule, kama vitumbuizo ndani ya hadithi ndefu.

D. T. N. Williamson, mhandisi wa Uingereza, alilijua hilo. Amplifaya yake, aliyoichapisha mwaka 1947 katika jarida la Wireless World, ilitoa wati 15 kwa valvu za KT66, na upotofu wa sauti uliokuwa chini kiasi cha kuwashangaza watu wa wakati ule. Ukisoma maelezo yake utaona jinsi alivyoibebesha masharti transfoma ya kutolea sauti. Valvu zilikuwa za kawaida, chuma ndicho hakikuwa cha kawaida.

Transfoma yangu ina kitu kingine ambacho hakikuwa kwa Williamson: nyaya mbili za ziada zinazotoka katikati ya koili ya upande wa valvu, moja kwa kila EL84, kwenda kwenye gridi ya pili (pentodi ina gridi tatu). Mpango huo unaitwa altra-linia. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliufikiria mwaka 1937, na mwaka 1951 Hafler na Keroes wa Marekani wakauandikia makala, ukaenea. Pentodi inabaki na nguvu yake lakini inapata upole wa triodi. Zikumbukeni hizo nyaya mbili, zitarudi kunitesa.

Kuunganisha nilianza na hita. Hazina hadhi yoyote, lakini ni lazima zitangulie kwa sababu zinalala chini kabisa, zimebanwa kwenye kona za chasi, na baadaye huwezi kuzifikia. EL84 moja inakula ampea 0.76, EF86 inakula 0.2, ECC83 0.3, kwa hiyo bila EZ81 nina ampea 2 za umeme wa kwenda na kurudi zinatembea sentimita chache kutoka kwenye gridi inayosikiliza vipande vya sehemu ya elfu ya volti. Dawa ni kuzisokota. Nyaya mbili, ncha moja kwenye jiliwa, ncha nyingine kwenye mdomo wa keekee, unazungusha polepole mpaka zinakuwa kamba. Sumaku ya waya mmoja inaua ya mwenzake. Mara nyingine nikiwa na huzuni naangalia ule msokoto wangu, jinsi ulivyolala sawasawa, na moyo unatulia kidogo.

Kisha rezista, kwenye ubao wenye vijiti vya shaba, zimejipanga. Kisha kapasita. Hapa niliingiwa na ushamba ambao nitausimulia baadaye.

Sehemu ya hatari nitaisema mara moja na kwa uzito. Umeme wa anodi ndani ya mashine hii ni volti 320. Hautishi tu, unaua. Na unabaki humo baada ya kuchomoa waya ukutani, umejificha ndani ya kapasita za usambazaji. Mimi nimefunga rezista ya kiloomu 220, ya wati 2, sambamba na kapasita zangu za jumla ya mikrofaradi 100, kazi yake ni kuzimaliza tu. Kwa hesabu inachukua kama sekunde 40 kushuka hadi volti 50. Sitegemei hesabu. Nasubiri dakika, napima kwa multimita, halafu ndipo naingiza kidole. Na nikipima kitu kikiwa kinawaka, mkono wa kushoto uko mfukoni. Mkondo ukipita kutoka mkono hadi mkono unapitia kifuani. Mzee yule ana kovu jeupe kwenye kidole gumba. Hajawahi kulisimulia, hulionyesha tu na kunyamaza, nami nimeshaelewa. Chasi yenyewe imefungwa kwenye waya wa ethi kwa skrubu yake peke yake, isiyoshika kitu kingine.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza ilikuwa Jumamosi usiku. Niliupitisha umeme kwenye balbu ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo kabla ya amplifaya: kama kuna njia ya mkato ndani, balbu inawaka kwa nguvu na mashine inapona. Sikuwa nimefunga spika zangu nzuri, nilifunga spika moja kuukuu, kwa sababu amplifaya ya valvu haitakiwi kuwashwa bila mzigo, na pia haitakiwi kupewa spika unayoipenda siku ya kwanza. Balbu iliwaka, ikafifia. Hita zikaanza kuona haya, rangi ikapanda. Sekunde kumi na tano. Nikapima volteji, zinapanda vizuri. Nikaitoa balbu, nikawasha tena moja kwa moja.

Ikapiga yowe. Si mvumo, si kelele ya kukwaruza: yowe la filimbi moja, kali, iliyojaa chumba, na mtoto akaamka. Nikachomoa kila kitu.

Nilijua ni nini, na hilo ndilo liliuma. Kutoka kwenye nyaya za spika kuna waya mmoja unaorudi mpaka kwenye kathodi ya EF86, mwanzo kabisa. Ni mrejesho hasi: sehemu ya sauti inayotoka inarudishwa kinyume ili ijisahihishe yenyewe. Wazo hilo ni la Harold Black, mhandisi wa Marekani, lilimjia mwaka 1927 akiwa kwenye kivuko akienda kazini. Linafanya kazi ajabu, kwa sharti moja: sauti irudi kinyume. Ikirudi upande uleule, amplifaya inajisifu yenyewe, inajisikia ikijisifu, inajisifu zaidi, na huo ndio mwanzo wa yowe. Wenye busara huacha waya huo bila kuunganishwa siku ya kwanza. Nilikuwa nimeambiwa.

Dawa ni kugeuza transfoma ya kutolea sauti. Nikabadilishana nyaya za anodi: ya valvu hii kwa ile. Nikawasha. Yowe likarudi na sura nyingine, baya zaidi, la kukoroma. Nilikaa sakafuni nikashika tama. Nusu saa ilipita kabla sijazikumbuka nyaya mbili za altra-linia. Nilikuwa nimegeuza anodi nikaacha gridi za pili, kwa hiyo kila EL84 ilikuwa inavutwa na anodi huku na kusukumwa na gridi kule. Nikabadilisha na hizo. Nyaya nne kwa jumla, kila moja ikiwa imelehemiwa kwa ufahari mkubwa, imekunjwa kwenye pini mara mbili.

Kimya. Nikaweka kidole kwenye waya wa kuingilia, spika ikanguruma. Iko hai!

Asubuhi nikampigia Mzee simu nikajipiga kifua kidogo. Alisikiliza mpaka mwisho. "Ungegeuza zile mbili za upande wa spika," akasema. "Ile iliyo kwenye ethi iende kwenye spika, ile ya spika iende kwenye ethi." Nyaya mbili, skrubu mbili, bila chuma cha kulehemu. Sikuwa na la kujibu.

Yowe lilipokwisha ndipo niliposikia kilichokuwa kimefunikwa nalo: mvumo. Mdogo, lakini ukikaa usiku umetulia, upo. Na hapa nataka kutumia muda, kwa sababu nilijifunza zaidi kutokana na mvumo ule kuliko kutokana na mengine yote.

Kitu cha kwanza ni kuujua ni mvumo gani. Kama umeme wako ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, mvumo wa 50 unatoka kwenye hita au kwenye sumaku ya transfoma; mvumo wa 100 unatoka kwenye umeme uliogeuzwa, au kwenye njia ya ethi. (Palipo na umeme wa 60, soma 60 na 120.) Kwa masikio inataka uzoefu, ila programu ya simu inayochora masafa ya sauti inatosha. Wangu ulikuwa 100, umesimama wima kwenye skrini kama mnazi.

Nikaongeza kapasita ya usambazaji baada ya rezista ya kuchuja. Haukusogea. Nikaziunganisha pamoja ncha mbili za mlango wa kuingilia sauti, ili kisiingie kitu. Haukusogea. Wiki nzima nikilala naufikiria. Kilichonifungua macho ni kuacha kuutazama mchoro na kuitazama mashine. Kwenye mchoro, alama zote za ethi ni nukta moja. Ukiwa na penseli, ethi ni ethi. Tumboni, ethi ni waya wa shaba wenye urefu, na waya wenye urefu una ukinzani, kidogo lakini upo. EZ81 haitiririshi umeme kama bomba. Inaujaza ule tanki wa kwanza, kapasita ya mikrofaradi 50, kwa mateke: mara 100 kwa sekunde, kila teke kubwa mara kadhaa kuliko wastani wa miliampea 80 hivi inazotumia mashine nzima. Na mimi, kwa ajili ya unadhifu, nilikuwa nimeishusha ncha hasi ya kapasita hiyo kwenye waya wa ethi karibu na mlango wa kuingilia sauti. Kila teke lilikuwa linapita mlangoni kwa EF86 kabla ya kurudi kwao.

Niliuhamisha waya mmoja. Ncha hasi ya kapasita ya kwanza sasa inakwenda moja kwa moja kwenye waya wa katikati wa transfoma ya umeme, mateke yanazunguka huko huko nyumbani kwao, na kutoka kwenye hiyo kapasita waya mmoja tu ndio unaokwenda kwenye ethi ya wengine. Sentimita kumi na mbili za waya. Ule mnazi kwenye skrini ukaanguka. Ulibaki wa 50, mwembamba, nikaumaliza kwa kusukuma msokoto wa hita kwa kijiti cha mbao hadi kwenye kona na kufunga rezista mbili za omu 100 kutoka pande zote za hita kwenda ethi. Sasa nikiweka sikio kwenye spika nasikia pumzi tu.

Ule ushamba niliouahidi: kapasita za kupitishia sauti kutoka ECC83 kwenda kwenye EL84. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba za karatasi, za enzi zile zile, zina "utamu". Nikatafuta, nikapata mbili, zimetunzwa, maandishi yake bado yanang'aa. Zilikaa wiki tatu. Siku moja nikasikia harufu ya vumbi linaloungua, nikazima taa ya chumba, na kweli: EL84 moja, bati la anodi yake limewaka jekundu iliyofifia, mahali pasipotakiwa kuwaka kamwe. Nikapima haraka. Kila EL84 ina rezista yake ya omu 270 kwenye kathodi. Nzima ilisoma volti 10 na kidogo, yaani kama miliampea 38, sawa. Nyekundu ilisoma 16. Gawa mwenyewe: miliampea 59, na kwa volti 300 hizo ni zaidi ya wati 17 kwenye valvu iliyoruhusiwa 12. Kwenye gridi, panapotakiwa sifuri, palikuwa na volti 8. Karatasi ya uzee ilikuwa inavujisha, mikroampea 17 hivi, kiasi ambacho hata taa ndogo haikijui, lakini kupitia rezista ya kiloomu 470 kilitosha kuifungua valvu kama lango lililosahauliwa. Nimeweka za polipropilini, mpya, za kawaida, na sijasikia utamu wowote ulioondoka.

Na hapo naweza kusema ninachofikiri kuhusu "sauti ya valvu". Husemwa kwamba uzuri wake unatokana na upotofu wa harmoniki, ule wa pili (wenye masafa mara mbili ya noti yenyewe), unaoongeza joto. Labda kwa amplifaya ya valvu moja moja. Yangu ni ya sukuma-vuta: EL84 moja ikipanda nyingine inashuka, na katika transfoma upotofu wa pili wa hii unafutwa na wa ile. Kilichobaki mrejesho hasi unakisaga. Waliochora saketi hii walikuwa wanakimbiza usafi. Nikisikiliza santuri ya taarabu ya zamani, zumari na fidla zinaingia pamoja, nasikia fidla na zumari. Sisikii chupa za kioo. Nalipenda hilo kuliko joto lolote.

Ila EF86 yangu ya kwanza ilikuwa na tabia. Ukiigonga kwa penseli ilipiga kengele spikani, na sauti ikipanda ilijigonga yenyewe. Ya pili imetulia. Na katika EL84 nne nilizozipokea, moja ilifika na paji jeupe. Juu ya kila valvu nzima kuna doa la rangi ya fedha, ni madini ya bariamu yaliyowekwa kunasa hewa iliyobaki. Likiwa jeupe kama maziwa ujue kioo kimepasuka na hewa imeingia, hata kama ufa huuoni. Hiyo sikuiwasha hata kidogo. Iko dirishani.

Kama umesoma kwa makini umegundua jambo: nimesema spika zangu, nyingi, lakini nimejenga amplifaya moja. Mullard walipoichora 5-10, santuri za stereo hazijafika madukani. Zilikuja karibu na mwisho wa muongo ule. Blumlein yuleyule wa nyaya mbili alikuwa ameomba hataza ya stereo tangu mwaka 1931, lakini wenye viwanda walichukua muda kumfikia. Kwa hiyo kwa sasa fidla na zumari zote zinatoka upande wa kushoto, chini ya dirisha, na spika ya kulia inashikilia vitabu.

Chasi ya pili imeshakunjwa. Transfoma zake zimeulizwa na zimejibu. Matundu matatu kati ya matano yametoboka, na yanakaribia kuwa ya duara.